Matriki ya ngozi, wavu wa kiwandani au nyama yako mwenyewe: nini kishikilie titi la silikoni?

Mwanamke anayeondolewa titi kwa sababu ya saratani, kisha akakubali kuwekewa la silikoni, huelezwa mengi kuhusu ukubwa, umbo na kovu. Swali la nini kitaishikilia silikoni hiyo mahali pake humfikia mwisho, mara nyingi kwenye karatasi ya makadirio ya gharama, likiwa limeandikwa kwa jina la kibiashara lisilomwambia chochote. Anatia sahihi. Makala haya ni yake, na ya mume, dada au binti atakayekaa naye kwenye benchi la kliniki. Kitu hicho kimoja chaweza kuwa ghali kuliko silikoni yenyewe, na ndicho mara nyingi kinachoamua kama atarudishwa tena kwenye meza ya upasuaji.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji hapa Nairobi. Vifaa hivi hupitia mikononi mwangu kabla ya kumfikia daktari: mimi ndiye ninayevifungua, ninayeviosha kwa maji ya chumvi na kuvishika vikiwa vimelowa. Uamuzi ni wa mgonjwa na daktari wake. Ninachotaka ni mgonjwa aingie kwenye mazungumzo hayo akijua tofauti.

Tatizo lenyewe ni hili. Titi likishaondolewa, kinachobaki ni ngozi na safu nyembamba ya mafuta. Msuli mkubwa wa kifua unaweza kuifunika silikoni sehemu ya juu, lakini haufiki chini. Huko chini, ndiko uzito wote unakoelemea mwanamke akisimama, hubaki ngozi peke yake. Basi silikoni hushuka, au husogea kuelekea kwapani, au ngozi hukonda hadi kingo za silikoni zikaonekana kwa macho. Mwaka 2005 madaktari Breuing na Warren wa Marekani walichapisha njia ya kushona kipande cha ngozi ya binadamu iliyoondolewa seli, kuanzia ukingo wa chini wa msuli hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi, ili kipande hicho kibebe uzito. Bidhaa waliyotumia, AlloDerm, ilikuwa sokoni tangu 1994, na ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya watu walioungua moto. Tangu hapo zimekuja ngozi za nguruwe, za ndama, nyavu za plastiki na nyavu zinazoyeyuka. Kila kampuni husema yake ndiyo bora.

Kipimo changu: je, itagusa?

Nimeona watu wakilinganisha vifaa hivi kwa nguvu, yaani vinavutwa kiasi gani kabla ya kuchanika. Kwenye ngiri ya tumbo hoja hiyo ina uzito. Kwenye titi haifiki mbali, kwa sababu takribani vifaa vyote vinavyouzwa vina nguvu ya kutosha kubeba silikoni. Kinachotofautisha ni unyumbufu, na unyumbufu una kazi kubwa kuliko kumpa mgonjwa starehe. Kazi yake ni mgusano.

Matriki ya tishu ni ngozi iliyosafishwa hadi seli zote zikatoka, kikabaki kiunzi cha kolajeni na elastini, nyuzi za protini zinazoipa ngozi nguvu na mvuto. Kigezo kinachotumiwa sana na watafiti ni kwamba DNA inayosalia isizidi nanogramu 50 kwa kila miligramu ya tishu kavu. Ikizidi, kinga ya mwili huweza kuitambua kuwa ni ya mgeni na kuishambulia. Kiunzi hicho kinapotoka kwenye pakiti hakina uhai. Huupata mwilini: mishipa midogo ya damu ya mgonjwa hupenya ndani yake, seli zake hufuata, na baada ya miezi kadhaa kinakuwa sehemu ya mwili. Lakini mshipa wa damu hauwezi kuruka pengo. Matriki isipoigusa ngozi iliyo juu yake, pengo hujaa majimaji, na penye majimaji pasipo damu dawa ya kuua bakteria haifiki. Hapo ndipo usaha huanzia.

Sasa jaribu kufunika papai bivu kwa karatasi ya manila. Itagusa mahali pachache, kwingine itapiga mikunjo, na kila mkunjo ni kijumba. Matriki ngumu juu ya silikoni ya mviringo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mbunifu wa matriki ana njia chache za kuilainisha: achague ngozi yenye elastini nyingi, aifanye nyembamba, au aitoboe matundu na kuichanja ili ifunguke inapovutwa. Kila njia ina gharama yake. Ngozi nyembamba huchanika kwa urahisi kwenye mshono. Elastini ikizidi, kipande huendelea kuvutika hata baada ya upasuaji kwisha. Matundu hupitisha majimaji yakafika kwenye mrija wa dreni, ule unaoyatoa nje ya mwili, jambo zuri kabisa, lakini tundu likikaa karibu na ukingo uzi wa kushonea hukata hadi hapo.

Nitakapolinganisha, basi, nauliza maswali yaleyale: kitagusa? Kitagusa mapema? Na kama kisipogusa, mgonjwa huyu yuko karibu na msaada kiasi gani?

Ngozi ya binadamu

Hii ndiyo laini kuliko zote nilizowahi kuzishika. Ikishalowa huinama kwa uzito wake yenyewe na kulala juu ya silikoni bila kulazimishwa. Sababu ni elastini: ngozi ya binadamu inayo ya kutosha kuiwezesha kuvutika na kurudi. Ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja ni laini na hausharabu damu, upande wa pili ni wa ndani ya ngozi na hufyonza damu ukawa mwekundu. Huo upande unaofyonza ndio unaotakiwa kuelekea kwenye tishu zenye damu, ili mishipa ipate njia. Tone la damu ya mgonjwa mwenyewe, kisha suuza, linatosha kukuonyesha upi ni upi, nami huwa napenda kuona daktari akifanya hivyo hata kama pakiti ina alama.

Udhaifu wake ni mwingi pia. Hutoka kwa watu waliofariki na ambao wao au familia zao walikubali kutoa, hivyo ngozi ya mtu mmoja si sawa na ya mwingine kwa unene wala kwa mvuto. Bei ya kipande kimoja ni maelfu ya dola. Baadhi ya aina huhitaji jokofu au kuloweshwa kwa muda kabla ya kutumika. Nyingine huandaliwa katika mazingira safi bila kupigwa mionzi ya mwisho ya kuua vijidudu, kwa sababu mionzi mikali hukata nyuzi za kolajeni na kuipunguzia ngozi nguvu. Nyingine hupigwa mionzi hadi uwezekano wa kijidudu kubaki ukawa mmoja katika milioni. Hili ni jambo la kuuliza, na muuzaji anapaswa kulijibu kwa maandishi.

Mwezi Machi 2021 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Marekani, ilitoa tahadhari muhimu. Ilisema haijawahi kuidhinisha matriki yoyote ya ngozi mahususi kwa ajili ya kujenga titi kwa silikoni, na kwamba bidhaa mbili za ngozi ya binadamu, FlexHD na AlloMax, zilionekana kuwa na upasuaji wa kurudia, maambukizi na kutolewa kwa silikoni kwingi zaidi kuliko AlloDerm, SurgiMend au kutotumia matriki kabisa. Soma tena maneno ya mwisho: au kutotumia matriki kabisa. Kwa hiyo tukisema ngozi ya binadamu, bado hatujasema kitu. Namna ilivyooshwa na kukaushwa hubadilisha matokeo, hata kama chanzo ni kilekile.

Ngozi ya nguruwe

Nguruwe hupatikana kwa wingi, hufugwa kwa udhibiti, na kipande kimoja hufanana na kingine. Vipande vingi huja ndani ya pakiti tayari vikiwa vimelowa na huvumilia joto la kawaida la stoo, faida kubwa katika mji ambao mzigo unaweza kukaa uwanja wa ndege ukisubiri karatasi za forodha. Lakini seli za nguruwe, kama za mamalia wengi wasio binadamu na nyani wa Afrika na Asia, zina sukari iitwayo alfa-gali. Miili yetu haina sukari hiyo, na badala yake ina kingamwili dhidi yake zinazokadiriwa kufika asilimia 1 ya kingamwili zote za aina ya IgG kwenye damu. Strattice, ambayo ndiyo maarufu katika kundi hili, huoshwa kwa kimeng'enya kinachoiondoa sukari hiyo. Ukiletewa ngozi ya nguruwe ya jina usilolijua, swali la kwanza ni kama hatua hiyo ilifanyika.

Mkononi, ngozi ya nguruwe ni ngumu kuliko ya binadamu. Elastini yake ni kidogo. Haitalegea baadaye, jambo wanalolipenda madaktari wengine, lakini mwanzoni hukataa kuufuata mviringo. Uholanzi walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwenye Lancet Oncology, wanawake wakigawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja liliwekewa silikoni kwa hatua moja pamoja na Strattice, kundi jingine likatengenezewa titi kwa hatua mbili bila matriki yoyote. Kundi la matriki lilipata matatizo ya upasuaji kwa asilimia 46 ya wanawake, dhidi ya asilimia 18 kwa wenzao. Matiti yaliyolazimika kutolewa silikoni au matriki yalikuwa asilimia 26 dhidi ya 5.

Nazisoma takwimu hizo kwa makini mara mbili, kwa sababu mambo mawili yalibadilishwa kwa pamoja. Kundi la kwanza lilikuwa na matriki, na pia ngozi yake ilibebeshwa silikoni nzima siku ileile. Hatuwezi kuitwika ngozi ya nguruwe lawama zote. Hata hivyo ushahidi wa kugawanya kwa bahati nasibu ni mchache katika eneo hili, na mtu anayekuambia matriki hupunguza matatizo anapaswa kwanza akujibu kuhusu jaribio hilo.

Wabunifu wamejibu kwa kukonda. Braxon ni ngozi ya nguruwe ya unene wa milimita 0.6, iliyokatwa mapema kwa umbo la kuifunga silikoni yote kabla ya kuiweka juu ya msuli. Kwa macho ya mgusano, wazo hilo lina akili: kifungashio kinabana silikoni nje ya mwili, palipo na mwanga na nafasi, na mikunjo huonekana kabla haijazikwa. Lakini eneo la tishu ya kigeni linaloguswa na ngozi ya mgonjwa nalo huwa kubwa zaidi, na ngozi ikiwa imekonda au imefia kingoni hakuna msuli wa kuokoa.

Ngozi ya ndama

SurgiMend hutokana na ngozi ya ndama aliye bado tumboni au mchanga sana. Ngozi changa ina kiasi kikubwa cha kolajeni ya aina ya tatu, ile ambayo mwili hutumia mwanzoni mwa kupona kwa kidonda, na nyuzi zake hazijafungana kwa ugumu wa ngozi ya ng'ombe mzima. Ipo iliyotobolewa matundu tangu kiwandani. Nikiambiwa nichague kati ya matriki tatu za wanyama na binadamu kwa kuzingatia ushahidi na unyumbufu kwa pamoja, hii ningeiweka mbele ya nguruwe, na nisingeiona duni kuliko ya binadamu. Wenye wasiwasi kuhusu ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe waulize chimbuko la mifugo. Mtengenezaji makini huandika nchi.

Zipo pia matriki zilizofungwa kwa kemikali ili nyuzi zake zishikamane na zisiyeyuke haraka. Permacol, ngozi ya nguruwe, ni mfano. Kwa titi sizipendekezi. Kemikali huzipa maisha marefu kwa kuzifungia seli za mgonjwa mlango, na mwili huzizungushia ukuta wa kovu kama ufanyavyo kwa kitu chochote usichoweza kukiingia. Ugumu juu ya ugumu.

Nyavu za kiwandani

Wavu hauigizi ngozi. Ni nyuzi zilizosukwa na nafasi wazi katikati, na tishu ya mgonjwa hupita kwenye nafasi hizo. Ukiupima kwa mgusano, wavu mwepesi hushinda: hauna upande mbaya, haupigi mikunjo mikubwa, na majimaji hayanaswi chini yake.

Wa polipropilini, aina ya plastiki, uliopakwa madini ya titani, kama TiLOOP Bra wa Ujerumani, una uzito wa gramu 16 tu kwa mita moja ya mraba. Tabaka la titani ni nanomita 30 hadi 50, jembamba kiasi kwamba halibadilishi kuinama kwake, na limewekwa ili mwili uukasirikie wavu kidogo zaidi. Bei yake kwa kawaida ni sehemu tu ya bei ya matriki. Haumuudhi mwenye dini yoyote. Hauhitaji jokofu. Ubaya ni kwamba haung'oki. Umekwisha kusokotana na tishu, na siku silikoni ikipata maambukizi makali, daktari atalazimika kuuchambua kipande kwa kipande pamoja na ngozi ya mgonjwa. Kwa mwanamke mwembamba sana, kingo zake huweza kuhisika kwa kidole.

Zinazoyeyuka ni za namna mbili, na tofauti yao ni ya muda. Wavu wa poliglaktini, wanaouita Vikrili kwa jina la dukani, ni wa bei nafuu na hupatikana katika hospitali nyingi kwa sababu hutumika kwa mambo mengine. Nguvu zake huisha karibu mwezi mmoja, na wenyewe huyeyuka wote kati ya siku 56 na 70. Umeusaidia mwili kushikilia silikoni wiki za mwanzo, kisha kovu lenyewe, kapsula, ndilo linalobeba. Kwa silikoni ndogo, mwanamke mwenye ngozi nene na ambaye hatapigwa mionzi ya kutibu saratani, hilo linatosha na si jambo la kulidharau. Kwa silikoni nzito halitoshi.

TIGR, kutoka Uswidi, umesukwa kwa nyuzi mbili: moja hupotea baada ya miezi 4 hivi, nyingine hudumu karibu miaka 3. Mwanzoni nyuzi za haraka huzibana zile za polepole, wavu ukawa mgumu kidogo. Zinapopotea, zilizobaki huachia na wavu kuwa laini hatua kwa hatua, tishu mpya ikikabidhiwa mzigo kidogo kidogo. Katika ubunifu wote niliouona kwenye eneo hili, huu ndio ulionivutia zaidi, kwa kuwa unyumbufu umepangwa katika wakati. Mwili unaopona hauhitaji kitu kilekile wiki ya pili na mwezi wa kumi.

Samaki? Naulizwa sana, hasa na vijana wa uhandisi wa tiba waliosikia kwamba Brazil walifunika majeraha ya moto kwa ngozi ya ngege. Ni kweli, na Iceland kuna matriki ya ngozi ya chewa inayotumika kwenye vidonda. Kwetu, wenye ngege wa Ziwa Viktoria na ngozi zinazotupwa, wazo hili linastahili maabara na fedha. Lakini kidonda kilicho wazi na silikoni iliyozikwa ni mambo mawili tofauti, na kwa titi bado si chaguo la kumpa mgonjwa leo.

Bila kununua chochote

Sehemu hii huwa fupi kwenye vipeperushi vya kampuni, na ningetamani iwe ndefu kwenye mazungumzo ya kliniki.

Mwanamke mwenye matiti makubwa yaliyolala ana matriki yake tayari. Daktari akikata kwa mtindo wa kupunguza titi, ile ngozi ya chini ambayo ingetupwa huchubuliwa tabaka la juu na kuachwa imeshikamana na mkunjo wa chini, kisha ukingo wake wa juu hushonwa kwenye msuli. Imebeba mishipa yake ya damu. Haisubiri kupenyewa kwa sababu haijawahi kufa. Inagusa kila mahali, bure. Wanawake wengi tunaowapokea wana umbo hilo, na bado wapo wanaouziwa ngozi ya maelfu ya dola huku yao ikitupwa kwenye ndoo. Uliza swali hili kwa jina la kawaida kabisa: "Daktari, ngozi yangu ya chini haiwezi kutumika?"

Asiye na ngozi ya ziada anaweza kwenda hatua mbili: kipanuzi huwekwa chini ya msuli, hujazwa maji ya chumvi kidogo kidogo kliniki kwa wiki kadhaa, kisha hubadilishwa kwa silikoni. Kunahitaji upasuaji wa pili na nauli nyingi. Lakini ndilo kundi lililofanya vizuri kule Uholanzi. Kisha kuna msuli wa mgongoni unaozungushwa kuja mbele, na nyama ya tumbo, ambayo huweza kuondoa haja ya silikoni kabisa. Hiyo ya tumbo ikihamishwa kwa kuungwa mishipa chini ya darubini huchukua saa nyingi na huhitaji timu iliyozoea.

Mionzi na umbali

Kwetu mambo mawili hubadilisha hesabu kuliko jina la bidhaa.

La kwanza ni mionzi. Saratani ya matiti ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Kenya, na wengi hufika ikiwa imekwisha kusambaa kwenye tezi za kwapani, hivyo tiba ya mionzi huja baada ya upasuaji, iwe Kenyatta, iwe hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iwe binafsi. Mionzi hukaza kapsula inayoizunguka silikoni na kupunguza damu kwenye ngozi. Wavu wa kudumu ndani ya ngozi iliyopigwa mionzi, ukifichuka, ni shida kubwa. Matriki ya kibayolojia inaonekana kupunguza kukaza kwa kapsula, lakini lazima iwe imekwisha kupata damu kabla ya mionzi kuanza. Iliyo bado na vijumba vya majimaji siku ya kwanza ya mionzi haitakuja kushika vizuri. Kwa mgonjwa anayejua mapema kwamba atapigwa mionzi, nyama yake mwenyewe ni salama zaidi, na kama haiwezekani, kungoja hadi tiba iishe ni uamuzi wa heshima. Maambukizi ya silikoni hayaharibu umbo tu. Huchelewesha kemo, na kemo ikicheleweshwa zaidi ya siku 90 baada ya upasuaji imehusishwa na maisha mafupi.

La pili ni nauli. Mama wa Kasarani akiona wekundu juu ya titi leo jioni, kesho asubuhi yuko kliniki. Mama aliyetoka Lodwar au Mandera, akaondoka Nairobi na mrija wa dreni kifuani, ataona wekundu huohuo akiwa safari ya siku nzima na zaidi. Matriki za ngozi zina hali yake ya wekundu usio na homa, unaotokea palepale kipande kilipo na ambao huisha wenyewe. Kuutofautisha na maambukizi kunahitaji jicho lililozoea, si picha ya WhatsApp peke yake. Kwa hiyo kwa mgonjwa wa mbali mimi huegemea kwenye kilicho rahisi: ngozi yake mwenyewe, au hatua mbili, au akae kwa jamaa mjini hadi dreni itolewe na mshono ukauke. Nimefurahi kila mara daktari alipouliza "Unalala wapi wiki tatu zijazo?" kabla ya kuuliza ukubwa wa sidiria.

Dini na ridhaa

Pakiti haiandiki "nguruwe" kwa lugha ya kawaida. Huandika kwa Kiingereza cha kitabibu. Dada Mwislamu wa Eastleigh au South C ana haki ya kujua kabla ya kulazwa. Maulamaa wengi huruhusu kitu cha nguruwe kwa dharura pasipo na mbadala, lakini hapa mbadala upo, kwa hiyo hoja ya dharura haisimami kirahisi, na ni vyema amuulize shehe wake akiwa bado nyumbani. Vivyo hivyo kwa Mhindu wa Parklands na ngozi ya ndama, na kwa yeyote asiyeridhika kubeba ngozi ya marehemu. Haya si mambo ya kuulizana mgonjwa akiwa ameshavuliwa nguo.

Ningeshauri nini

Dada yangu mwenyewe angekuwa na matiti makubwa, ningemwambia atumie ngozi yake ya chini, basi. Angekuwa na matiti madogo, ngozi nzuri, anaishi mjini na hana mionzi mbele yake, ningemwambia wavu mwepesi wa titani au ule wa nyuzi mbili, na asione aibu kwamba ni wa bei nafuu. Angekuwa mwembamba sana, ngozi imekonda lakini ina damu, na bima imekubali kwa maandishi, hapo matriki ya ndama au ya binadamu iliyotobolewa ina kazi ya kufanya. Angekuwa anasubiri mionzi, ningemsihi asubiri, au ajengewe kwa nyama yake. Anayevuta sigara, au mwenye kisukari kisichotulia, sitamshauri kipande chochote cha kununua hadi hilo lishughulikiwe, kwa sababu mishipa yake midogo haitafika kwa wakati.

Kuhusu bima: tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, imechukua nafasi ya NHIF, na ni muhimu kupata jibu la maandishi kama kipande au wavu umo ndani ya kibali, si silikoni na kitanda peke yake. Uliza pia kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Kilichokuja kwenye begi la mtu, hata kama ni cha jina kubwa, hakuna anayejua kilikaa kwenye joto gani.

Na siku ya upasuaji, ndani ya kila pakiti kuna vibandiko vyenye jina la bidhaa na namba ya toleo. Kimoja hubandikwa kwenye faili. Omba kingine, cha matriki au wavu na cha silikoni yenyewe, kipige picha kwa simu na mtumie mtu mmoja unayemwamini. Julai 2019 Allergan iliondoa sokoni duniani kote silikoni zake za BIOCELL zenye uso wa kukwaruza, baada ya kuhusishwa na aina adimu ya limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, na mwanamke asiye na namba hiyo hakuwa na njia rahisi ya kujua kama aliyo nayo kifuani ni mojawapo.